Unapanda na Nani?

Kwetu kisiwani Rote mgema hapandi mvumo, ule mti wa tembo unaofanana na mnazi, kabla hajaulizwa. Anafunga kiunoni ndoo iliyosukwa kwa majani, anachomeka mgongoni kotama, kisu chake cha kugemea, anashika shina la mti, kisha anangoja. Aliyebaki chini, awe mke, mtoto au mpita njia, anamuuliza, "Unapanda na nani?" Naye hujibu, "Peke yangu." Ndipo anainua mguu na kukanyaga kidato cha kwanza.

Maana yake kila mtu anaijua. Ukiwa umegombana na mtu, ukiwa unampenda mtu hadi usingizi unakukimbia, ukiwa una maiti ambayo moyo wako haujamaliza kuizika, basi huyo mtu utapanda naye, na mvumo haukuchongewa vidato vya watu wawili. Usipoweza kusema "peke yangu" kwa moyo mweupe, unafungua ndoo, unarudi nyumbani, unakoroga kwa maji asali ya tembo, yaani tembo lililopikwa hadi likawa zito, unakunywa, unalala. Hakuna atakayekucheka. Zamani mchungaji mmoja mgeni aliwataka wagema wajibu, "Napanda na Bwana." Wazee wa kanisa wakamweleza kwa adabu kwamba Bwana hawamkatai, ila Yeye yuko juu tayari, hana haja ya kupanda.

Yublina alimuuliza mumewe swali hilo asubuhi na jioni, kila kiangazi mivumo ilipoanza kutoa tembo. Alimuuliza akiwa mjamzito, akiwa na mtoto mgongoni, akiwa na masizi usoni kutoka kwenye tanuri la kupikia tembo. Na kwa muda mrefu hakujua kwamba mumewe alikuwa akimdanganya.

Mume huyo ni Melkianus, jina ambalo hakuna aliyelitamka ila mchungaji, siku ya ubatizo na siku ya ndoa. Kwa watu alikuwa Meki. Alikuwa mfupi, miguu imepinda kidogo kwa ndani kama ya wagema wengi, mdomo mwekundu kwa tambuu, na mzaha haumwishi. Sifa yake pande zote za magharibi ilikuwa moja. "Meki haogopi," watu walisema, kama wasemavyo kwamba fulani ni mrefu au fulani ana chongo.

Alizaliwa mtoto wa pili. Wa kwanza alikuwa Thobias, mtoto mpole, ambaye hakuvuka hata dimbwi la mvua kabla hajalipima kwa kijiti. Baba yao aligema, na alikuwa na masihara ya kuchoma. Thobias alipopelekwa mji wa Kupang, ng'ambo ya bahari, kusoma, na Meki akabaki kujifunza mti, mzee aliwaambia wageni, "Nina wana wawili. Mmoja anapanda vidato vya shule, mwingine vidato vya mvumo. Wote wawili watashuka na njaa." Wageni walicheka, lakini macho ya mzee yalikuwa kwa yule wa shule.

Mama yao alikufa wakati wa mvua, wavulana wakiwa bado wadogo. Thobias alilia hadi akapata homa, wanawake wakapokezana kumshika. Meki hakutoa chozi. Jeneza likiwa bado ndani, alitoka nyuma ya nyumba, akafungua farasi wa mjomba wake ambaye hajawahi kupandwa na mtu, akampanda bila tandiko, akamkimbiza juu ya mawe ya pwani mpaka wote wawili wakaanguka. Mjomba alikuja na fimbo. Akamkuta mtoto ameketi kwenye mawe, mkono umevunjika unaning'inia, anacheka. Mjomba akaishusha fimbo.

Msiba mzima watu walizungumza habari za farasi. Walimtazama Meki na mkono wake uliofungwa vijiti, wakatikisa vichwa, wakasema huyu atakuwa mwanamume. Mtoto yule alionja vitu viwili siku ile. Alionja maumivu ambayo yana mahali pake, unaweza kuyashika na kusema yako hapa, na kwa muda yanafunika yale yasiyo na mahali. Kisha akaonja sifa. Husemwa kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Meki hakutia maji. Kila alivyosifiwa, alitafuta mti mrefu zaidi.

Yublina alimwona mara ya kwanza kwenye sikukuu ya farasi. Meki alipita mbele ya watu farasi akiwa mbioni, naye amesimama wima juu ya mgongo wake, mikono wazi. Wasichana walipiga kelele. Yublina hakupiga kelele, lakini jioni ile hakula. Walikwisha kuoana ndipo alipoambiwa na wifi yake kwamba asubuhi ya sikukuu ile, msichana ambaye Meki alimtaka alikuwa amechumbiwa na mtu wa mjini Ba'a.

"Kumbe niliposwa na kilio cha kumlilia mwanamke mwingine," Yublina alimwambia dada yake, nao wakacheka. Wakati huo lilikuwa bado ni jambo la kuchekwa.

Halikuchekwa tena baada ya mtoto wao wa kwanza. Alikuwa wa kiume, akafa kwa homa kabla hajajifunza kutembea. Walimzika mchana, katika mwezi wa upepo, ule upepo wa kusini unaokausha midomo. Jioni Meki akafunga ndoo. Yublina, ambaye maziwa yalikuwa bado yanamtoka, alisimama chini ya mti akamuuliza kwa mazoea tu, "Unapanda na nani?"

"Peke yangu," akajibu, haraka, kama mtu anayepiga nzi.

Aligema mti wa kwanza. Alipofika kilele cha mti wa pili hakushuka. Alidaka mabua ya majani ya mti jirani yaliyokuwa yakipigwa na upepo, akajirusha, akapita juu kwa juu hadi mti wa tatu. Kisha mti wa nne. Vilele vilikuwa vinayumba kama walevi. Yublina alitazama mpaka shingo ikamuuma, hakuweza hata kuita, maana mgema aliye juu haitwi jina. Meki alishuka kifua kimechanika kwa miiba ya mabua, akamkabidhi ndoo, akaingia ndani, akalala kama mtoto aliyenyonya akashiba.

Hapo ndipo Yublina alipoelewa mtu aliyemwoa. Wengine hulia kwa macho. Mumewe alilia kwa miguu. Na yale maneno ya watu, kwamba Meki haogopi, hayakuwa kweli. Aliogopa sana. Alipanda ili aogope, kwa sababu hofu ndiyo pekee iliyokuwa na nguvu ya kumsukuma pembeni yule mwingine aliyemkalia kifuani. Hofu ilikuwa dawa yake, na kama dawa zote zisizoponya, kila mara ilihitaji kuongezwa.

Yublina akaanza kuomba ombi moja. Hakuomba Meki awe mwoga. Alimwomba Mungu ampe machozi.

Ugomvi wa Meki na kaka yake ulitokea kwenye msiba wa baba yao. Thobias alikuwa mwalimu tayari, amekuja na miwani na viatu vya ngozi. Watu walikuwa uani wanangoja nguruwe aive, na Meki akatangaza kwamba ataupanda mvumo mrefu wa marehemu, ule ulio karibu na uwanja wa kanisa, akate majani mapya ya kupambia jeneza. Mti ule ulikuwa umeachwa kwa sababu vidato vyake vilikuwa vimelika. Wazee wakaanza kumkataza. Thobias akasema mbele ya wakwe na wageni wote, bila kuinua sauti, "Mwacheni. Huyu Mungu alimpa miguu, kichwa akamwahidi baadaye."

Msibani watu hucheka upesi. Walicheka. Meki naye alicheka, akakaa chini, hakupanda. Tangu siku ile hakuna aliyemsikia akizungumza na kaka yake.

Kila mwaka mwisho wa kugema, Meki alijaza mtungi wa asali ya tembo, ile ya moto mdogo, nyekundu, akautuma Kupang kwa feri. Hakutuma salamu. Na kila mwaka Thobias alirudisha mtungi ule ule, mtupu, umeoshwa vizuri na kukaushwa, naye bila salamu. Yublina aliwaambia wanawake wenzake, "Hawa wanapendana, ila mtungi ndio unaojua."

Kisha ukaja mwaka huu. Kiangazi kilikuwa kinakaribia kuisha, mawingu yanajikusanya mapema kuliko kawaida. Asubuhi moja wakiwa mezani simu ikalia. Alikuwa mke wa Thobias. Thobias alikuwa kwenye pikipiki, barabara ya kuteremkia bandarini, mvua ya kwanza imelowesha lami. Lori lilikuwa linapanda. Hakufika hospitali.

Meki alisikiliza mpaka mwisho. "Sawa, shemeji," akasema. "Sawa." Akaweka simu chini, akavuta sahani yake.

"Alikuwa anakwenda wapi na mvua ile?" Yublina akauliza. Alikuwa ameshika kichwa. "Mtu kama Thobias? Alikuwa anakimbilia nini?"

"Nipe chumvi," Meki akasema.

Ndugu walipanda feri kwenda kuzika. Meki hakwenda. Alisema ana mivumo, na ua la mvumo lisipokatwa ncha kila siku hufunga, tembo likakata. Hilo ni kweli, mgema yeyote anajua. Lakini Yublina alimwona akinoa kotama kwenye jiwe, akinoa, akinoa, mpaka makali yakawa membamba kama unyasi, na bado ananoa.

Kesho yake Meki alisimama chini ya mti wa kwanza, ndoo kiunoni, kiganja kwenye shina. Akangoja. Yublina alikuwa ameketi kwenye mzigo wa kuni, hatua chache tu.

"Mama Ati," akaita. Ati ni binti yao, aliyeolewa mjini.

"Nakusikia."

"Niulize basi."

"Leo sina swali."

Meki akacheka. "Swali lenyewe la mababu. Hukuambiwa ulitunge."

"Hata hivyo sina."

"Maua yatakauka."

"Yakauke."

"Tutakula nini wakati wa mvua, mwanamke?"

"Mahindi. Nitakula mahindi na wewe. Sitaki kula mahindi peke yangu."

Meki aliendelea kushika mti kwa muda. Alikuwa mtu wa kufanya mambo mengi ya hatari, lakini desturi hiyo hakuwahi kuivunja. Akafungua ndoo, akaitundika kwenye ukuta, akaondoka bila kusema anakoenda.

Siku zile zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko kupanda. Nyumba ilikuwa kama chungu kilichozibwa mdomo huku moto unawaka chini. Meki alikwenda pwani akaogelea hadi nje ya mwamba, pale penye mkondo ambao hata wenye mashua huukwepa, akarudi midomo ya bluu. Aliazima farasi, akamrudisha anachechemea. Kwenye mazungumzo alichokoza watu wasiomkosea. Saka, jirani yao, mgema mwenziwe tangu ujana, mtu mwenye mdomo usiopumzika, alimtania njiani, "Meki, nasikia mkeo kaifunga mivumo kwa kufuli." Meki akamshika shati. Walitenganishwa. Saka alibaki ameduwaa, akifunga vifungo vilivyobaki. "Nimesema nini?" aliuliza watu. "Jamani, nimesema nini kipya?"

Mama Mchungaji alikuja kuwatazama. Alikuwa mwanamke kijana, ndiye mchungaji mwenyewe wa kanisa letu, hajazoea bado tambuu kali ya huko kwetu, lakini aliitafuna kwa heshima huku macho yakimtoka machozi.

"Baba Ati," akasema, "umemlilia ndugu yako?"

"Mama Mchungaji, machozi yana chumvi. Daktari kanikataza chumvi."

"Nimekuuliza kweli."

"Nami nimekujibu kwa heshima." Akainuka, akamsalimu kwa mikono miwili, akatoka.

Mama Mchungaji akatema tambuu kando. "Usimuulize," alimwambia Yublina. "Umefanya vema. Endelea hivyo hivyo mpaka atulie."

"Hatulii, Mama. Nikimzuia mti, anatafuta bahari. Nikimzuia bahari, atatafuta kisu cha mtu. Mti angalau naujua."

"Basi tuombe."

Wakaomba. Yublina alitaja ombi lake la siku zote, na safari hii alilitaja kwa sauti.

Mambo yalikwisha Jumamosi asubuhi. Wanaume walikuwa wanatengeneza uzio wa mashamba karibu na uwanja wa kanisa, kabla mvua haijaingia. Meki alipita hapo, ndoo kiunoni na kotama mgongoni, akaenda moja kwa moja kwenye mvumo wa baba yake, ule mrefu ulioachwa. Aliweka kiganja kwenye shina akasimama. Hakuna aliyejua anangoja nini, kwa sababu mkewe alikuwa mbali, jikoni, anachemsha upya asali ya akiba. Labda hata yeye hakungoja kitu. Labda angesimama pale, akachoka, akarudi nyumbani. Mungu ndiye anayejua.

Saka alikuwa amekaa juu ya nguzo ya uzio, anatafuna. Alitaka kupatana naye baada ya ile habari ya shati, na Saka hakujua njia nyingine ya kupatana ila mzaha.

"Haya, Meki," akaita kwa sauti ya kike, akimwigiza Yublina, "unapanda na nani, baba watoto?"

Wanaume walicheka. Kicheko kikafika katikati kikakatika. Swali lilikuwa limeulizwa. Halikuulizwa na mtu aliyekusudia, lakini lilikuwa limeulizwa, chini ya mti, kwa mgema aliyefunga ndoo, na hakuna desturi ya kulirudisha.

"Peke yangu," Meki akasema, kabla Saka hajatema mate mekundu.

Mmoja wao alikimbia kumwita Yublina. Alikuja mbio, asali ya moto imemkaukia mikononi, khanga inaburuzika. Meki alikuwa amekwisha kupanda kiasi cha urefu wa mtu, anapapasa kwa vidole vya miguu kutafuta vidato vilivyolika. Yublina aliruka akadaka kamba ya ndoo kiunoni pake, akaning'inia nayo kwa uzito wake wote.

"Shuka."

"Nimeulizwa."

"Umeulizwa na mpumbavu."

"Shemeji, niko hapa nasikia," Saka akasema. Uso wake ulikuwa umekwisha rangi.

"Najua uko hapo. Ungekuwa kwako tusingekuwa na neno." Yublina hakumtazama. "Baba Ati. Sasa nakuuliza mimi. Unapanda na nani?"

Meki alitazama juu. Mvumo ulikuwa unachakarisha majani yake huko juu, ile sauti yake kavu kama karatasi.

"Unamjua," akasema mwisho.

"Mtaje."

"Thobias."

Lilikuwa jina ambalo hakulitamka tangu msiba wa baba. Wanaume walivua kofia zao.

"Basi umekwisha sema," Yublina akamwambia, sasa kwa upole, kama anayemwita mnyama aliyetoroka. "Sheria unaijua. Shuka twende nyumbani."

Meki aliweka paji la uso kwenye shina. "Uliniuliza alikuwa anakwenda wapi na mvua."

"Ukaniomba chumvi."

"Alikuwa anakuja huku. Nilimpigia simu siku moja kabla. Nilikuwa nimemkumbuka tu, Mama Ati. Nilikuwa juu ya mti nikamkumbuka kama mtoto anavyokumbuka. Nikashuka nikapiga. Alipoitika nikasikia ile sauti yake ya kimwalimu, na lile neno la kumwambia likanikimbia. Nikamwambia, kama una miguu, panda feri ya kesho uje unione. Kama una kichwa tu, baki nacho huko huko."

"Akasema nini?"

"Alicheka. Akasema, nakuja, mdogo wangu. Hivyo tu. Nakuja, mdogo wangu. Asubuhi mvua ikanyesha."

Yublina alimwona Thobias mbele ya macho yake, yule apimaye dimbwi kwa kijiti, ameinamia usukani wa pikipiki kwenye lami iliyoloa, miwani imejaa maji, anawahi feri ili aonyeshe kwamba ana miguu. Kumbe hata yeye alikuwa wa kujitupa hatarini. Kumbe walikuwa wawili siku zote, ila mmoja alikuwa hajapata siku yake. Vidole vya Yublina vikalegea kwa uzito wa jambo hilo. Ni kitambo kidogo sana. Kamba ikamtoka mkononi, na Meki akapanda.

Alipanda kama kijana. Vidato vilivyolika alivikanyaga kama vipya. Waliobaki chini waliona nyayo zake, kisha ndoo, kisha akapenya katikati ya mabua, akaketi kwenye kilele cha mti wa baba yake, hakuonekana tena ila goti.

Halafu wakasikia sauti.

"Anacheka," Saka akasema. "Msikieni, anatucheka."

"Hapana," Yublina akasema.

Kilikuwa kilio. Kilianza kidogo, kama kikohozi, kisha kikafunguka. Alilia kwa sauti ya mtoto wa miaka kumi ambaye mama yake yuko ndani ya jeneza. Alimlilia mama, akamlilia mwanawe, akamlilia baba, na katikati ya wote lilirudi jina la Thobias. Wanaume walitazama chini. Yublina alipiga magoti kwenye vumbi, mikono ikiwa imeshikamana kwa ile asali, akamshukuru Mungu, kwa sababu aliloliomba kwa miaka yote hiyo alikuwa amejibiwa.

Kisha akainua uso, akaona jibu lake liko wapi. Liko juu ya mvumo mrefu wenye vidato vibovu. Mtu anayelia haoni. Mikono yake inaloa, magoti yake yanalegea. Hayo Meki aliyajua kuliko wote, na labda ndiyo sababu hakuwahi kulia.

Saka alikuwa anavua shati. Alikuja mpaka kwenye shina, akaweka kiganja, akageuka.

"Niulize, shemeji."

"Unapanda na nani?"

"Na Meki," Saka akasema.

"Panda."

Alipanda polepole, akikwangua kila kidato kwa kisu kabla hajakikanyaga. Alipokaribia kilele walimsikia akisema, taratibu, kwa sauti ambayo hakuna aliyejua kuwa Saka anayo, "Ndugu yangu, kaa hapo hapo. Lia. Ukimaliza tutashuka wote."

"Nimemaliza."

"Hujamaliza. Kaa. Hatuna haraka, uzio utangoja."

"Usinitazame, Saka."

"Sikutazami. Nimefumba macho. Kaa tu."

Lakini Meki alikuwa ameonwa. Kijiji kizima kilichomwita jasiri kilikuwa chini yake kinamsikia, na mwanamume mwenziwe yuko urefu wa mkono kutoka usoni pake. Aibu ikamshika, na aibu nayo haina subira. Akajifuta macho kwa nyuma ya mkono, ule mkono uliopaswa kushika bua, akateremsha mguu kutafuta kidato, asikipate.

Saka alimdaka alipopita. Alidaka kamba ya ndoo, nayo ikakatika.

Wazee waliketi jioni hiyo hiyo. Kwa desturi ya kale, aliyeanguka kutoka mvumo hapitishwi mlango wa mbele, na huzikwa pembeni, mbali na wenziwe, kwa sababu haijulikani ameanguka na nani. Wengine walitaka desturi ifuatwe. Yublina aliwasikiliza kwa heshima mpaka wakamaliza.

"Wazee wangu, huyu inajulikana ameanguka na nani. Alimtaja, na nyote mlisikia. Atapita mlango wa mbele."

Mama Mchungaji akasema kanisa litamzika kati ya watu wake, na jambo hilo likaishia hapo. Baadaye alimvuta Yublina kando. Uani watu walikuwa wamekwisha anza: lile la farasi, lile la vilele vinne katika upepo, lile la mkondo. Sauti zao zilikuwa na raha ndani yake. Meki haogopi, walisema, hata kufa alikufa jasiri.

"Kesho niwaambie nini, Mama Ati?"

"Usiseme jasiri. Hilo neno ndilo lililomlea." Yublina alikuwa anabandua asali iliyokauka kwenye vidole, ngozi inatoka nayo. "Waambie alikufa akimlilia kaka yake. Waambie wanaume hasa. Sema polepole wasikie."

Mama Mchungaji akasema hivyo, kesho yake, mbele ya jeneza. Alisema maneno yale yale, bila kuongeza. Wagema walikuwa wamekaa mstari mmoja, wameshika kofia zao za majani magotini, wanatazama sakafu. Katikati ya wimbo Saka aliinuka, akawapita wenzake akiwagonga magoti, akatoka nje. Punde wakamsikia, nyuma ya ukuta wa kanisa. Hakuwa anajizuia. Wimbo ukayumba, na wanaume wawili wakainuka wamfuate.

Yublina aliunyosha mkono akawazuia.

"Mwacheni alie," akasema. "Miguu yake iko ardhini."